Kupima Kiuno cha Galaksi

Kila kijana wa maabara anaposikia kwamba niliwahi kupima galaksi, swali lake la kwanza ni kama zinapendeza. Sijui. Nilizipima kwa karibu miaka miwili na sikuiona hata moja. Kazi yangu ilianza saa mbili asubuhi ikaisha saa nane mchana, na nyota zilipotoka mimi nilikuwa kwetu Ng'ambo nakula wali kama raia mwengine yeyote.

Nimestaafu mwezi uliopita. Wenzangu walinifanyia tafrija wakanipa saa ya ukutani, zawadi ya ajabu kidogo kwa mtu ambaye sasa hana pa kuwahi. Wakaniomba pia niandike mawili matatu juu ya kazi. Vyeo sitavitaja, maana vilichelewa kuja na vilipokuja havikunifundisha kitu. Mshahara nao tuuache ulale. Nitaandika juu ya chumba kimoja, mashine moja, na watu wawili walionifundisha kupima. Mmoja alikuwa daktari wa fizikia, mwengine mshona suti, na aliyenifundisha zaidi ni mshona suti.

Ilikuwa miaka michache baada ya Mapinduzi. Nilikuwa nimemaliza skuli, hesabu yangu nzuri, Kiingereza changu kinatosha kusoma maandishi ya kwenye chupa. Nikapelekwa kwa mwalimu mmoja wa fizikia wa chuo cha ualimu, Mjerumani wa Mashariki, ambaye mji mzima ulimwita Dakta Bruno. Wajerumani walikuwa wengi kidogo mjini siku zile. Wengine walijenga, wengine walitibu, yeye alifundisha. Lakini kwao alikuwa mtafiti wa galaksi, na alipotakiwa aje Unguja kwa mkataba alikubali kwa sharti moja tu, aje na kazi yake. Akaja na mashine kongwe ya kupimia ambayo kwao hawakuihitaji tena, na makasha ya vioo.

Kazi hiyo aliiweka katika chumba cha orofa ya pili, nyumba kongwe ya Malindi ambayo chuo kilipewa kuhifadhi vitu. Kuta zake zilikuwa nene dhiraa nzima. Dakta alizipenda kuta zile kuliko alivyoipenda bahari, kwa sababu jua liwake liwakavyo nje, ndani joto halikubadilika, na chuma cha mashine hakikutanuka wala kusinyaa. Chumba kilikuwa kikavu hata wakati wa masika. Likumbukeni hilo la ukavu, maana ndilo lililotuponza.

Siku ya kwanza nilipopanda ngazi nilimkuta mzee amevaa koti la suti la kijivu, futi ya kupimia nguo imening'inia shingoni, jicho moja kwenye hadubini.

"Shikamoo."

"Marahaba. Usitikise sakafu."

Huyo ndiye Fundi Makame, mpimaji mwenzangu. Asili yake Tumbatu, lakini alishona suti Mkunazini tangu ujana wake. Baada ya Mapinduzi wateja wake wengi walikuwa wameondoka, na waliobaki hawakuwa na hamu tena ya kuonekana ndani ya suti. Siku moja Dakta alimpelekea suruali apunguziwe. Fundi akamtazama kutoka upande wa pili wa duka akamwambia kwamba mguu wake wa kushoto ni mrefu kuliko wa kulia kwa unene wa kidole. Dakta alikwenda nyumbani akajipima, akaona kweli. Kesho yake akarudi dukani kumwajiri.

Nieleze vioo, maana nyinyi mmezikuta kompyuta. Kioo kilikuwa kipande chembamba cha gilasi, kirefu kupita kiganja, kimepakwa dawa ya picha upande mmoja. Kule kwao Dakta, darubini kubwa ilikusanya mwanga wa galaksi, mwanga ukapitishwa kwenye kifaa cha kuutawanya kama upinde wa mvua, na upinde huo ukapigwa picha juu ya kioo. Hauna rangi. Unaona utepe wa kijivu tu, na ndani yake mistari. Na kwa kuwa picha ilibaki kinyume, kama ile filamu kabla picha haijachapwa, palipong'aa ndipo palipo peusi. "Weusi ndio mwanga," Dakta aliniambia asubuhi ile ya kwanza, nami nikaitikia kwa adabu nikidhani ni siasa.

Galaksi alizozichagua zilikuwa za aina moja, zile ambazo kiini chake kinawaka kupita kiasi. Gesi ya hidrojeni iliyo karibu na kiini huzunguka kwa kasi kubwa, na kasi hiyo huutanua mstari wake. Mstari wa oksijeni hutoka mbali na kiini, kwenye utulivu, kwa hivyo ni mwembamba kama uzi. Ule wa hidrojeni ni mpana, mweusi katikati, kisha unafifia pande zote mbili taratibu mpaka unapotea kwenye kijivu. Kazi yetu ilikuwa kusema mstari uko wapi na upana wake ni kiasi gani. Mahali pake palituambia galaksi inakwenda kasi gani kutoka kwetu, na upana ulituambia gesi ya kiini inazunguka kasi gani.

Mama yangu alitaka kujua ninachofanya huko mjini siku nzima. Nikamwambia tumegundua kwamba galaksi zote zinatukimbia.

"Kwani mmezifanya nini?" aliuliza.

Mashine yenyewe ilikuwa hadubini iliyosimama juu ya meza ndogo ya chuma, na meza ilisogezwa na parafujo ndefu yenye gurudumu la namba. Unachungulia, unazungusha, kioo kinasogea mpaka ule uzi uliomo ndani ya hadubini ukalie ukingo wa mstari. Unasoma namba, unaandika. Sheria kubwa ilikuwa kuzungusha upande mmoja tu. Ukipitiliza hata kwa unywele, usirudishe kidogo, kwani parafujo ina ulegevu na itakudanganya. Rudi nyuma kabisa uanze tena. Sheria hiyo nimeitumia maabara maisha yangu yote, na katika ndoa mara moja.

Ule uzi wa ndani ulikuwa utando wa buibui, hasa. Wiki yangu ya pili ulikatika, na Dakta akakaa kuandika barua aletewe mwengine kwa meli. Fundi Makame akamtazama kwa huruma. "Dakta, nyumba hii ina buibui kuliko watu." Akapanda juu ya meza, akafukua kwenye boriti za dari, akashuka na kijiti kilichozungushiwa utando. Kabla ya adhana ya adhuhuri ulikuwa umekwishatandikwa mahali pake, na mwembamba kuliko ule wa Ujerumani. Dakta aliichana barua yake polepole, kama mtu anayejifunza jambo.

Mashine ilikuwa moja, kwa hivyo tulipima kwa zamu, wiki moja yeye na wiki moja mimi, na kila wiki ilikuwa na kioo kimoja cha kila galaksi, kwa kufuata tarehe zake. Asiyepima alifanya hesabu au alipangusa vioo. Dakta alitupa maagizo mafupi juu ya upana: "Pimeni kutoka ukingo hadi ukingo." Tukapima. Tulikwenda hivyo mwaka mzima na zaidi, na niseme waziwazi, niliipenda kazi ile kuliko kazi yoyote niliyofanya baadaye. Ukishachungulia saa nzima unasahau kuwa una mwili. Fundi alikuwa akinikumbusha kwa kunigonga bega: "Pepesa macho, mwanangu. Galaksi haiendi popote leo."

Kisha akaja afisa wa wizara. Alipanda zile ngazi akihema, akashika kiuno mlangoni, akatazama chumba kizima kabla hajatazama mtu.

"Hapa mnafanya nini?"

"Tunapima mwanga wa galaksi, ndugu," alisema Dakta.

"Iko wapi hiyo?"

"Mbali sana. Mwanga huu ulitoka huko kabla hajakuwepo mtu duniani."

"Na mkishapima?"

"Tunajua kasi ya gesi yake."

"Gesi ya hukohuko?"

"Naam. Ya hukohuko."

Afisa alipapasa ukuta kwa kiganja. "Mnajua nna daftari za skuli ngapi zinaoza bandarini kwa kukosa chumba kikavu kama hiki? Watoto wanaandika juu ya karatasi za kufungia sukari." Hakuwa mtu mbaya. Alitupa muda mpaka masika. Kama kufikia hapo hatukumpa sababu ambayo na yeye anaweza kuieleza kwa wakubwa wake, chumba kitakuwa cha daftari, mashine irudi kwao, na sisi tutafutiwe kazi nyengine.

Sikulala vizuri wiki ile. Kazi nyengine kwangu mimi ilikuwa moja tu, kukaa na Mama kwenye kibanda chake cha mchele. Mama alipima kwa kibaba cha mfuto. Akijaza, huchukua kijiti akafuta juu, na punje iliyozidi hurudi guniani bila huruma. Mikono yangu ilikijua kijiti kile tangu sijaijua alfabeti, na sikutaka kukirudia.

Lakini Mungu si Athumani. Au ndivyo tulivyodhani. Mwezi mmoja kabla ya masika Dakta alikaa kuchora upana wa mstari wa hidrojeni wa zile galaksi zilizopigwa picha mara nyingi, kioo baada ya kioo. Nilimsikia akivuta pumzi. Mchoro ulipanda na kushuka kama meno ya msumeno: mpana, mwembamba, mpana, mwembamba. Si galaksi moja, zote.

"Zinapumua," alisema. "Viini vyake vinapumua!" Akateremka ngazi akikimbia, akarudi na kikapu cha halua, tukala tukiwa wima. Jioni yake alikwenda wizarani. Afisa hakujua kiini ni nini, lakini galaksi inayopumua aliielewa mara moja. Akasema jambo hili liingie redioni, Unguja imegundua, na Dakta mwenyewe alisome Ijumaa ijayo. Chumba kimeshapona. Dakta alifurahi mpaka akamwagiza Fundi Makame amshonee suti mpya ya kwendea redioni.

"Redioni hawatakuona, Dakta," nilimwambia.

"Nitajiona mimi," alijibu.

Mimi nilipewa kazi ya kunakili jedwali safi la kusomea. Nikakaa na daftari zetu, nikaanza kunakili kwa mpangilio: mpana, mwembamba, mpana, mwembamba. Niliendelea kama ukurasa mmoja hivi, nikifurahi, kabla sijagundua kwamba namba zote nyembamba zina mwandiko wangu. Zile pana zote ni za Fundi Makame. Galaksi zilipumua kwa zamu zetu. Wiki yake zilivuta pumzi, wiki yangu zikatoa. Kwenye wiki ya Sikukuu, ambayo hatukufanya kazi, hazikupumua kabisa.

 Nilichukua kioo kimoja nilichokipima mimi, nikamwomba Fundi akipime palepale mbele yangu. Namba yake ikawa pana kuliko yangu, kwa kiasi kilekile cha kwenye mchoro.

"Fundi, unaanzia wapi?"

"Pale weusi unapomalizika kabisa. Halafu naacha akiba kidogo."

"Akiba ya nini?"

"Ya mshono, mwanangu! Kitambaa ukikikata palepale kwenye alama, utakuja kushonea wapi?"

"Hatushoni, Fundi."

"Kila kinachopimwa kitakuja kushonwa," alisema, kwa sauti ya mtu anayemfundisha mtoto jambo la wazi. Kisha akaniangalia. "Na wewe unaanzia wapi?"

Nikachungulia nikijitazama mwenyewe safari hii, jinsi mkono unavyokwenda. Nilikuwa nasimamisha uzi mara tu weusi unapoanza kupungua, na mabega yote yanayofifia nayatupa nje. Nilikuwa nafuta. Mwaka mzima na zaidi nimeipima mbingu kwa kijiti cha Mama, na mwenzangu ameipima kwa akiba ya mshono, na sote wawili tulikuwa waaminifu kabisa.

Fundi Makame hakuhitaji maelezo marefu. Aliketi juu ya kasha. "Ukimwambia, chumba kinakwenda."

"Nnajua."

"Usipomwambia?"

"Itasomwa redioni. Halafu kwao watapima wenyewe, na watamcheka mpaka afe."

Aliivua futi shingoni akaikunja. "Suti ikiharibika na mteja akenda nayo harusini, fundi hujificha. Mimi sijapata kujificha, na sitaki kuanza uzeeni. Kesho Dakta anakuja kujaribu suti. Nitaanza mimi kusema, wewe utamalizia."

Kesho yake Dakta alisimama juu ya kasha la vioo, mikono ameitanua, suti imeshikizwa kwa pini kuanzia kwapani mpaka magotini. Nilimtazama Fundi aanze. Fundi alinitazama kwa macho ya kusikitika, mdomo umejaa pini. Sijui hadi leo kama alizijaza kwa mazoea au kwa makusudi. Basi nikasema mimi peke yangu, yote, kuanzia mwandiko mpaka wiki ya Sikukuu.

Kila aliposikia jambo Dakta alitaka kuruka, na kila alipotaka kuruka pini zilimchoma. Kwa hivyo nilisikilizwa mpaka mwisho, jambo ambalo halikunitokea tena mara nyingi katika utumishi wangu. Nilipomaliza alikuwa mwekundu shingo nzima, mikono ingali imetanuliwa. Nilisubiri anifukuze.

"Kosa ni langu," alisema hatimaye. "Nilisema pimeni ukingo. Sikusema ukingo ni nini."

Hapo Fundi alizitema pini kiganjani. "Dakta, niseme? Upindo wa nguo una maneno mengi. Huyu anapenda mrefu, yule mfupi, huyu anaacha akiba, yule haachi. Lakini kiuno hakina ugomvi. Waite mafundi kumi wakupime kiuno, watapata namba moja. Kwa nini hatuupimi mstari kiunoni?"

"Kiuno cha mstari kiko wapi?" niliuliza.

"Katikati. Pale weusi wake unapokuwa nusu ya weusi wa ndani kabisa."

Dakta alisema maneno marefu ya Kijerumani. Baadaye alinieleza kwamba kwao pia mistari myembamba huipima hivyohivyo, kwenye nusu, ila hii mipana alituachia tukisie kwa macho kwa kuwa ilikuwa rahisi zaidi. Aliposhuka juu ya kasha, alimpa Fundi mkono. Suti ikafumuka kwapani.

Tulikwenda wizarani watatu. Afisa alitusikiliza, kidevu kwenye kiganja.

"Kwa hivyo hazipumui."

"Hazipumui," alisema Dakta.

"Na hiyo ni habari njema?"

"Ni habari ya kweli."

"Daftari zangu nazo ni za kweli," alisema afisa, lakini bila ukali. Alitupa wiki tatu, mpaka magari ya kuzipandisha yatakapopatikana. Tukimaliza kabla, tumalize. Tusipomaliza, ndio basi.

Wiki tatu zile tulipima upya vioo vyote vya galaksi zile za mchoro, upana tu, kila mmoja wetu vyote, asubuhi mimi na mchana yeye. Pembeni mwa kila kioo palikuwa na ngazi ya vipande vya kijivu, kutoka hafifu mpaka cheusi tititi, imepigwa kwa ajili ya kulinganisha weusi. Mwanzoni tuliiona kama pambo, sasa ikawa ndiyo futi yetu ya kiuno. Hakuna aliyeruhusiwa kuona namba za mwenziwe. Fundi alilificha daftari lake chini ya kofia, akaonekana kama mtu aliyeota kichwa cha pili. Tulipokuja kulinganisha, tulitofautiana kwa unywele tu. Yale meno ya msumeno yalikwisha, na galaksi zikatulia kama watu waliokwisha kula.

Isipokuwa moja.

Vioo vyake vya zamani vilikuwa na mstari wa hidrojeni mpana na mzito. Kwenye viwili vya mwisho, vilivyokuja kwa meli ya karibuni na havijapimwa bado, nilipeleka uzi mahali pake nikakuta kijivu. Nikatafuta tena. Palikuwa na kiuzi chembamba cha hidrojeni ya mbali, basi. Ule mpana wote haukuwepo.  Nilisubiri mpaka Fundi naye amalize, kisha tukafungua daftari mbele ya Dakta. Mimi niliacha mahali hapo wazi. Yeye alipiga mstari wa kukata.

"Nimekitafuta kiuno sikukiona," alisema Fundi. "Mteja huyu amekonda, Dakta."

Dakta alivichungulia vile vioo viwili kwa muda mrefu, kisha akavirudisha kashani. "Hapana. Vioo vibovu. Labda mawingu, labda dawa. Mwaka huu nimekwishakuwa mjinga mara moja, inatosha."

Ngazini tulisikia vishindo. Wachukuzi walikuwa wameanza kupandisha daftari. Waliingia wawili wawili, wakauliza waweke wapi, na Dakta akawaonyesha ukuta wa mbali kwa mkono bila kuwatazama. Nilijua kwamba nikinyamaza sasa, vioo vile vitafungwa kwenye majani makavu, vitapakiwa melini, na hakuna atakayevifungua tena.

"Dakta," nilisema, "oksijeni ipo."

"Nini?"

"Mstari wa oksijeni. Upo palepale, na weusi wake ni uleule wa vioo vya zamani. Kama ni mawingu au dawa, ingefifia na oksijeni. Kioo kibovu hakichagui."

"Ndugu Raya," aliniambia Dakta, "unaelewa unalosema? Kitu kikubwa kuliko jua letu mara nyingi zisizohesabika, na unaniambia kimezimika katika miaka miwili."

"Sisemi kimezimika. Sijui kilichotokea huko. Nasema mstari haupo."

Sikuyarudisha maneno. Mchukuzi mmoja alikuwa amesimama na kasha begani akisubiri nimalize. Dakta alinitazama, akamtazama Fundi, Fundi akatikisa kichwa kukubali. Kisha akavitoa tena vile vioo viwili, akakaa juu ya makasha ya daftari za watoto, na palepale akaandika barua kwa wakubwa wake. Chini aliandika majina ya wapimaji, langu na la Fundi Makame, kwa herufi kubwa. Alisema kama ni kosa, safari hii watatucheka watatu.

Chumba kilifungwa siku ile. Mashine ilirudi ilikotoka. Mimi, badala ya kibandani kwa Mama, Dakta alinipatia nafasi katika maabara ya chuo, kupanga chupa na kuosha mirija, na ndiko nilikobaki mpaka mwezi uliopita. Fundi Makame alipewa kazi ya kushona mapazia ya zile nyumba mpya ndefu za Michenzani, madirisha yote sawasawa, kazi ambayo aliidharau sana.

Miezi ikapita. Nilikuwa nimekwishakata tamaa Dakta alipoingia maabara asubuhi moja akiwa amevaa ile suti, kwapa limeshonwa, na barua mkononi. Chini ya Kijerumani alikuwa ameandika Kiswahili kwa mkono wake. Alinipa. Nilisoma nikavua koti la maabara, nikatoka kwa mguu mpaka Michenzani, na sehemu kubwa ya njia nilikuwa nakimbia.

Fundi alikuwa kwenye charahani, amezungukwa na kitambaa cha kijani. Yeye alisoma msahafu na barua za Kiarabu, lakini herufi za kizungu hakuzijua, kwa hivyo nilimsomea. Juu iliandikwa kwamba barua inawaendea wapimaji wa Unguja, ndugu Raya na Fundi Makame. Chini ilisema: "Tumeipiga picha galaksi hiyo upya mara tatu. Tumepima wenyewe. Mstari haupo."

"Soma tena."

Nilisoma tena. Akaniomba nimwonyeshe jina lake, nikamwonyesha, akaweka kidole juu yake akakiacha hapo. 

"Miaka arubaini nimeshona suti," alisema. "Hakuna mteja hata mmoja aliyeniandikia kwamba imemkaa."

Barua ilikuwa moja na sote tuliitaka. Fundi alichukua mkasi, akaikunja karatasi mara moja, akaikata katikati bila kupima, sawasawa kabisa. Nusu ya juu, yenye majina, aliitia mfukoni mwake. Ya chini akanipa mimi. Nilimwambia kwamba na mimi nimo kwenye ile ya juu. Akasema mimi bado kijana, nitaandikiwa nyengine.

Sikuandikiwa nyengine. Ile nusu yangu ninayo, imefifia, na haina jina la mtu yeyote. Imebaki sentensi ile ya mwisho tu, kwa mwandiko wa Dakta, mstari haupo, na mimi kila nikiisoma hufurahi mpaka nikaona haya.